"Lazima" imezidi kwenye programu zetu

Jamani, juzi nilikuwa Kibokoni, Mji wa Kale, nikimwonyesha mzee mmoja programu ya madeni ya duka lake. Kila kisanduku nilikiandika "Lazima ujaze". Akaniuliza, "Nisipojaza, mwanangu, nitafungwa?"

Haki yake! Lazima ni amri. Sharti husema usipotimiza hupati. "Yafaa ujaze" ni ushauri, na "ujaze" peke yake ni ombi la adabu. Hata mafundi wa intaneti walitenganisha ngazi hizi mwaka 1997, katika waraka wa RFC 2119: la sharti, la kushauriwa, la hiari. Sisi twabandika lazima kila mahali!

Nimebadilisha. Jina na kiasi ni "sharti", maana bila hayo deni halihifadhiki. Baruapepe ni "ukipenda". Mzee ameiacha wazi.