Kuimba Kwenu Siyo Kupamba Kwenu: Japani Wana Somo Hapa

Kuna mwanamama mmoja Japani, mwimbaji wa enka, zile nyimbo za taratibu zenye huzuni ambazo watu wazima wa kule hawaambiwi kitu. Aliimba miaka kadhaa bila kutoboa. Mwaka 2003 akaachia ngoma inayoitwa "Tottori Sakyu", kuhusu vilima vya mchanga vya Tottori, mkoa wenye watu wachache kuliko mikoa yote ya nchi hiyo. Ngoma ikabamba balaa. Mwisho wa mwaka huohuo akapanda jukwaa la shoo ya NHK ya mkesha wa mwaka mpya, ile ambayo msanii akiitwa basi kweli kafika.

Tangu hapo kazi yake ikawa hiyo. Leo rasi, kesho mto, keshokutwa mji mwingine. Wajapani wana jina kabisa la nyimbo za namna hii zinazobeba mahali fulani, wanaziita gotochi songu, na huyu mama wamempa taji la umalkia.

Sasa utamu wake: malkia mwenyewe kazaliwa Tokyo.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mtoto wa mjini anaimbaje ya watu wa mkoani? Ni mapenzi au ni kutafuta hela tu? Lakini kiukweli hilo siyo swali la kuumiza kichwa. Kuzaliwa mahali hakumfanyi mtu aimbe vizuri kuhusu hapo mahali. Wangapi wanaimba kwao mpaka mshipa wa shingo unasimama, na ukisikiliza vizuri unakuta ni tangazo la utalii lililowekewa biti? Milima mizuri, wasichana warembo, chakula kitamu, karibuni wageni. Wimbo huo ukibadilisha jina la mkoa hakuna atakayegundua.

Swali la maana ni moja tu: wimbo unasema ukweli wa mahali, au unapamba?

Chukua Erimo. Hiyo ni rasi iliyoko kusini mwa kisiwa cha Hokkaido, upepo wake siyo wa mchezo, watu wanaishi kwa uvuvi na kuvuna mwani. Mwaka 1974 staa mmoja mwenye sauti ya kukwaruza akaimba "Erimo Misaki", na humo ndani kuna mahali panaposema kwamba majira ya kuchipua yakifika Erimo, hakuna kitu cha kuona. Yaani hakuna. Ukiwa mwenyeji unasikia hivyo redioni, nchi nzima inasikia, utajisikiaje? Wenyeji walikasirika, na haki yao. Ila mwaka huohuo wimbo ukachukua tuzo kubwa ya rekodi ya Japani, watu wakaanza kuitafuta hiyo sehemu "isiyo na kitu" wakaione kwa macho yao. Leo pale rasini kuna jiwe la ukumbusho wa wimbo. Lile neno lililowauma ndilo lililowaweka kwenye ramani.

Kwa nini? Kwa sababu lilikuwa kweli, na lilisemwa kwa upendo. Msikilizaji siyo mjinga. Ukimwambia kwenu ni peponi anapita. Ukimwambia kwenu kuna baridi na upepo na kikombe cha kitu cha moto, anakaa.

Nenda Nagano sasa. Wale wana wimbo wao, "Shinano no Kuni", ulioandikwa mwishoni mwa karne ya 19 na ukaja kufanywa wimbo rasmi wa mkoa mwaka 1968. Watu wa Nagano wanaujua huu kuliko namba zao za simu. Wimbo unataja milima, mito, mabonde na watu maarufu wa pale, sifa nyingi tu. Lakini kwenye ubeti wa kwanza tu unakiri kwamba mkoa hauna bahari. Haufichi. Unasema hatuna bahari, ila vitu vingine vipo tele.

Na inasimuliwa kwamba mwaka 1948, mkoa ulipokaribia kugawanywa vipande viwili, watu waliokuja kusikiliza kikao cha baraza walianza kuuimba wimbo huo palepale. Mpango wa kugawana ukaishia hapo. Hao wa kaskazini na kusini walikuwa hawaelewani kwa mambo mengi, ila wimbo walikuwa nao mmoja. Tangazo la utalii haliwezi kufanya kitu kama hicho hata likirushwa mara mia kwa siku.

Halafu kuna yule jamaa wa Aomori, kaskazini ya mbali, kijiji cha theluji. Mwaka 1984 akatoa ngoma ya kuchekesha, anaongea haraka haraka kwa lafudhi ya kwao mpaka wengine wanasema ni mzee wa rap ya Kijapani. Anakisema kijiji: televisheni hakuna, redio hakuna, magari yanapita kwa nadra. Anasema atakwenda Tokyo, atafute hela, halafu afuge ng'ombe hukohuko Tokyo! Wapo walionuna wakisema anawadhalilisha watu wa vijijini. Lakini sikiliza ile ndoto yake. Mtu anakimbia kijiji, na kitu cha kwanza anachotaka kufanya mjini ni kufuga ng'ombe. Huyo kaondoka kwao au kabeba kwao begani? Zaidi ya miaka 20 baadaye, mwaka 2008, vijana wa mtandaoni Japani wakauchukua wimbo huo wakauchanganya na biti za kila aina. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka, wakaupenda upya. Kejeli yenye ukweli ndani haichuji.

Ila mfano mzito kuliko yote ni wa Okinawa, na unamhusu mtu ambaye hata siyo wa Okinawa. Jamaa kazaliwa Yamanashi, bara kabisa. Alikwenda kule akaingia kwenye makumbusho ya wasichana wa shule waliopelekwa kuhudumia majeruhi wa vita mwaka 1945, akamsikiliza mmoja wa walionusurika. Vita vile inakadiriwa viliua mtu mmoja katika kila wanne wa visiwa vile. Akatoka pale akaandika "Shima Uta". Ukiusikia juu juu utadhani ni wimbo wa mapenzi. Ndani ni msiba. Kuna kipande aliondoa kabisa ladha ya muziki wa Okinawa, kwa sababu kinahusu watu waliojiua mapangoni, na yeye aliona jambo lile halikuwa la Okinawa, lililetwa na bara. Anayetaka kupamba hawezi kufikiria kitu kama hicho.

Na hakuishia kwenye kuimba. Ala ya Okinawa ya sanshin, shingo yake nzuri inatengenezwa kwa mti mweusi, mgumu, unaokua polepole, wanauita kuruchi. Mtu wa kwetu akiuona atakumbuka mpingo. Wimbo ulipovuma, watu wengi wakataka sanshin, na mti wenyewe ni adimu. Jamaa akaungana na wenyeji wa Yomitan, tangu mwaka 2012 wanapanda kuruchi kwa mpango wa miaka 100. Piga hesabu mwenyewe. Hakuna hata mmoja kati yao atakayesikia sanshin iliyotoka kwenye mti alioupanda.

Kwa hiyo tumrudie malkia wetu wa Tokyo. Je, anapita? Kwa Tottori, anapita. Hajidai mwenyeji hata siku moja. Anakuja kama mwanamke aliyeumizwa na mapenzi, anasimama peke yake kwenye mchanga, na upweke wa pale unafanana na wake. Ni ukweli wa mgeni, lakini ni ukweli. Siku akianza kutaja vivutio kama mtu anayesoma kipeperushi, hapo mashabiki wana haki ya kuzima redio.

Vijana wa mikoani Japani wanaendelea kuhamia Tokyo, na wimbo hauwezi kuwarudisha. Kinachowezekana ni kwamba siku kijana amekaa kwenye chumba kidogo mjini, kachoka na kazi, wimbo unapita na anasikia upepo wa kwao, ule ule mbaya alioukimbia. Akiusikia upepo wenyewe, atapiga simu nyumbani. Akisikia tangazo, ataruka wimbo unaofuata.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wimbo wa kwenu ungetakiwa kukiri kitu gani kwanza, kabla ya kuanza kusifia?