Shika Nyundo Kabla ya Kumtukana Fundi

Kila wikendi watu wa Nairobi wanashuka na barabara ya Namanga kwenda kuangalia ploti zao Kitengela, Isinya na Kajiado. Wengi wanataka kitu kilekile: kabini ndogo na deki ya mbao mbele yake, ya kunywea chai jua likizama. Ndoto safi. Kinachoniudhi ni kwamba hatutaki kugusa hata mbao moja. Tunataka fundi ajenge, ajenge haraka, ajenge kwa bei ya kutupa, halafu tumwite mwizi.

Mimi nasema hivi: deki yako ya kwanza, jenga mwenyewe.

Haina ukuta, haina paa, haina stima. Ina kazi tu. Udongo mweusi wa Kitengela huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Ukisimamisha nguzo juu yake, deki italala upande. Kwa hivyo utachimba hadi ardhi ngumu, umwage zege, na nguzo zikae juu ya zege bila kugusa udongo, maana mchwa nao wanangoja. Kona? Pima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule; mshazari ukisoma futi 5, kona imenyooka. Ndiyo ile Pythagoras uliyokariri sekondari bila kuambiwa kazi yake. Sasa laza mbao za inchi 4 kwa 2, hakikisha na pima maji, kisha pigilia mbao za juu ukiacha kati yake mwanya wa unene wa msumari, maji yapite.

Ukimaliza shimo la tatu, mgongo ukiwaka moto, utaelewa kwa nini fundi alikutajia bei ile. Na akikuambia simiti imeisha, utajua kama ni ukweli au ni mchezo.

Kuna watakaosema namnyima fundi riziki. Wapi! Fundi anaumizwa na mteja asiyejua kazi ni nini, anayekata bei nusu kisha kushangaa shimo lilichimbwa nusu. Anayejua uzito wa nyundo hulipa tofauti. Paa na stima bado utamwitia, na mtaongea kama watu wawili wanaojua kazi.

Wengine watasema hayo ni mambo ya wazungu wa YouTube. Jamani, mko Kajiado! Nyumba ya jadi ya Kimaasai hujengwa na wanawake wenyewe, kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe. Hawakungoja video. Ni sisi tuliosoma ndio tulioambiwa mkono wenye sugu ni mkono ulioanguka mtihani. 8-4-4 ilianza mwaka wa 1985 ikiahidi kutufundisha ufundi, lakini nyumbani na darasani tulitishwa kwa sentensi moja: usiposoma, utaishia mjengo. Tukasoma. Leo tuna digrii, tuna ploti, na hatujui kunyoosha kona.

Huo si ustaarabu, ni utegemezi uliovaa viatu safi. Nunua msumeno, nyundo, futi na pima maji. Na kama hutaki kabisa, sawa, ni haki yako. Lakini basi mlipe fundi pesa anayotaja, na umlipe siku aliyomaliza, bila kelele.