Kimbunga Kikija, Nani Ahame na Nani Abaki

Msimu wa vimbunga Marekani huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, na kilele chake huwa karibu na Septemba 10. Kila mwaka, katika nyumba za Waswahili wa Houston, swali huwa lile lile: wahame au wabaki? Wengi husubiri kulijibu hadi wingu limeshatanda, vituo vya mafuta vimejaa foleni na simu hazinyamazi kwa sauti za WhatsApp, nyingine zikieleza kimbunga cha miaka iliyopita kana kwamba ndicho kinachokuja. Siku hiyo hakuna anayeamua vizuri.

Mwaka 2005 Houston ilikimbia. Kimbunga Katrina kilikuwa kimeizamisha New Orleans wiki chache tu kabla, na Rita kilipokaza mbio katika Ghuba ya Mexico, picha zile zilikuwa bado mbichi vichwani mwa watu. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu milioni 2.5 waliingia barabarani karibu kwa wakati mmoja. Safari ya Dallas, ambayo kwa kawaida ni ya saa nne, iliwachukua wengi zaidi ya saa 20. Madereva walizima viyoyozi ili kubana mafuta, kwenye joto lililokaribia nyuzi 38, na bado magari yaliishiwa mafuta katikati ya foleni, watoto wakiwa ndani. Alfajiri ya Septemba 23, karibu na Wilmer, basi lililobeba wazee kutoka makao ya kuwatunzia huko Bellaire liliwaka moto, mitungi ya oksijeni ikalipuka, na wazee 23 wakafa. Kisha Rita kikapinda na kutua mpakani mwa Texas na Louisiana. Zaidi ya watu 100 walikufa Texas, wengi wao katika safari ile ya kukimbia.

Tangu hapo kuna wanaosema, hata katika vikao vya jumuiya, kwamba kuhama ni kujitafutia balaa. Jarida hili halikubaliani nao, na sababu ni kimbunga Ike.

Ike kilipotua Galveston usiku wa kuamkia Septemba 13, 2008, kilikuwa cha daraja la 2 tu. Waliosikia "daraja la 2" walipumua. Lakini daraja hupima kasi ya upepo. Halisemi chochote kuhusu maji, na Ike kilikuwa kipana mno, kikisukuma mbele yake shehena kubwa ya bahari. Asubuhi ya Septemba 12, saa nyingi kabla ya kitovu chake kufika, maji yalikuwa yameshaifunika barabara ya rasi ya Bolivar. Waliopanga kuondoka mchana, baada ya kuona hali ilivyo, walikuta pa kupita hapapo, na ikabidi helikopta ziwaopoe. Maji yalipanda zaidi ya mita 4.5. Kijiji cha Gilchrist kilifagiliwa karibu chote, na picha ya nyumba moja iliyobaki imesimama peke yake ilizunguka dunia nzima.

Kwa hiyo cha kutazama kwanza ni anwani ya mtu. Serikali za eneo la Houston na Galveston zimegawa maeneo ya hatari kwa kufuata msimbo wa posta: ukanda wa pwani, kisha A, B na C. Anayeishi Galveston au Texas City akisikia amri ya kuondoka, aondoke siku ile ile, mapema, asingoje jirani. Anayeishi Alief au Sharpstown, kusini-magharibi mwa jiji ambako familia nyingi za Wakongo zimetua, hayumo katika kanda hizo. Bahari haimfikii. Mwaka 2005 watu wa mitaa kama hiyo walijaza barabara zilizopaswa kuachiwa watu wa pwani. Isipokuwa ana mgonjwa wa oksijeni ndani au anakaa kwenye nyumba ya trela, kwa kawaida ni bora abaki.

Kubaki nako kuna masharti yake. Kimbunga Harvey kilitua karibu na Rockport, pwani ya Texas, Agosti 25, 2017, kikiwa cha daraja la 4. Huko Rockport, Patrick Rios, kaimu wa meya, aliwaambia waliokataa kuondoka waandike majina na namba zao za Social Security mikononi kwa kalamu ya wino usiofutika, ili watakaowaokota waweze kuwatambua. Houston yenyewe haikupewa amri ya kuhama. Viongozi walikikumbuka Rita. Mvua ikanyesha siku nne. Nederland, mashariki mwa Houston, ilipimwa zaidi ya milimita 1,500. Karibu wote waliouawa moja kwa moja na Harvey huko Texas walikufa kwa mafuriko ya mvua, wengine wakiwa ndani ya magari. Aliyebaki nyumbani asitie gari lake kwenye maji, hata kama bosi anapiga simu.

Na bosi hupiga. Wanajumuiya wengi ni wauguzi wasaidizi na watunza wazee, na hofu ya kupoteza kazi huwafunga miguu kuliko kimbunga chenyewe. Wajue kwamba sheria ya kazi ya Texas, sura ya 22, inamkataza mwajiri kumfukuza mfanyakazi aliyeondoka kutii amri ya serikali ya kuhama. Sheria hiyo ina watu inaowatenga, wakiwemo wafanyakazi wa dharura, hivyo kila mmoja amuulize msimamizi wake sasa, mambo yakiwa shwari, yeye yuko upande gani.

Kuna jambo jingine ambalo maofisa wa jiji hawalioni. Mama aliyekimbia vita vya Kivu, mashariki mwa Kongo, akiwa na watoto mgongoni, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Texas, anapoambiwa tena "ondoka, acha vitu vyako," hasikii ushauri wa hali ya hewa. Anasikia mengine. Wengine huganda, wengine hukurupuka usiku bila kuuliza waendako. Tahadhari za serikali kwenye simu humfikia kwa Kiingereza au Kihispania. Mtu huyu anahitaji sauti anayoifahamu, kwa lugha anayoielewa, na kazi hiyo ni ya jumuiya.

Jumuiya ianze sasa. Asiye na gari au mwenye mgonjwa nyumbani apige 211, aombe mkalimani, ajiandikishe kwenye orodha ya jimbo ya wanaohitaji msaada wa kusafirishwa. Uandikishaji huo hurudiwa kila mwaka. Hati za uhamiaji na vyeti vya kuzaliwa vitiwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Mwenye nyumba akumbuke kuwa bima ya kawaida hailipi mafuriko, na ile ya mafuriko ya serikali kuu kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Na kila mwenye gari lenye nafasi ampe katibu wa jumuiya jina, namba ya simu na idadi ya viti kabla ya mkutano wa Mei, ili kila familia isiyo na usafiri ipangiwe dereva wake kabla ya Juni 1.