Jibini ya Mbulu: hesabu kwanza, sufuria baadaye

Sahani yenyewe ni rahisi. Jibini mbichi hukatwa vipande vidogo, huwekwa pamoja na papai au ndizi mbivu, hutiwa asali na matone ya limau, na kwa dakika kumi mgeni wa hoteli amepata cha kuanzia kabla ya chakula kamili. Asali inarinwa Mbulu na Hanang, ndizi zimejaa Mto wa Mbu, na hoteli za watalii waendao Ngorongoro ziko Karatu, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu. Kinachokosekana ni jibini, na hapo ndipo penye fedha na ndipo penye hasara.

Lita 10 za maziwa hutoa jibini mbichi ya kilo 1 hadi 1.5. Mfanyabiashara mwangalifu ahesabu lita 8 kwa kilo. Maana yake ni kwamba kilo moja isipouzwa kwa zaidi ya mara nane ya bei ya lita moja, kazi yote ni bure, na hapo bado kuni, malimau, chumvi na nauli. Maji yanayobaki baada ya kuchuja yasimwagwe; wafugaji wa nguruwe wa Mbulu watayanunua.

Utengenezaji hauhitaji mtambo. Maziwa huchemshwa, hutiwa maji ya limau yakaganda, huchujwa kwa kitambaa safi na kukandamizwa kwa jiwe. Kuchemsha si jambo la hiari, kwani maziwa mabichi yaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Bila jokofu, bidhaa hii haivumilii safari ndefu.

Tatizo kubwa, ambalo wengi hawalitazami, ni majira. Ng'ombe wa kienyeji wa Wabarbaig huko Hanang hutoa maziwa mengi wakati wa masika, Machi hadi Mei, yaani wakati hoteli za Karatu zina wageni wachache kabisa. Watalii wanapofurika, Julai hadi Oktoba, malisho yamekauka na hata ndama hashibi. Anayetia saini mkataba na hoteli mwezi Aprili kwa kutazama wingi wa maziwa anajitafutia kesi mwezi Septemba.

Njia iliyo salama ni kuanzia nyanda za juu za Mbulu, kwa wafugaji wa ng'ombe chotara wanaowalisha nyumbani kwa mabua na majani ya kukatwa, ambao maziwa yao hayapandi wala kushuka sana. Maziwa ya Hanang yaongezwe masika, na jibini yake iuzwe Katesh, Babati na Haydom kwa bei ndogo. Hata hivyo mnunuzi akumbuke kwamba kwa Wabarbaig maziwa ni mali ya mama wa boma. Fedha zikipitia mkononi mwa mume, maziwa yatapungua kwenye ndoo bila maelezo.

Hoteli kubwa hazitapokea jibini isiyo na karatasi. Usajili wa Bodi ya Maziwa, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2004, na ukaguzi wa TBS, iliyokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, vishughulikiwe kabla ya kununua sufuria ya kwanza.