TAARIFA YA TAWI KUHUSU BEI YA MAFUTA: HIYO MIA HAIKUJA NA MELI

Ndugu wanachama,

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo. Ikipanda, tunaambiwa ni soko la dunia.

Tupige hesabu. Petroli na dizeli vinaletwa kwa meli na kulipiwa kwa dola. Hapo hatuna kauli. Lakini tozo za kila lita zinapangwa Dodoma. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha nyongeza ya sh. 100 kwa lita. Hiyo mia haikuja na meli.

Na gesi yetu je? Songo Songo inazalisha tangu 2004. Bomba la Mtwara lilifika Dar es Salaam 2015. Mpaka leo vituo vya kujaza gesi kwenye magari havitoshi, na mikoa mingi haina hata kimoja.

Anayeumia ni bodaboda, mama lishe na mkulima anayesafirisha mahindi.

Tunadai mambo mawili:
1. Bei ya dunia ikipanda, tozo ishuke.
2. Fedha za tozo zijenge vituo vya gesi mikoani.

Mbunge akija kuomba kura, aanze kujibu haya.

Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati.
Wasambazie wanachama wenzako.