Mbwa wa Jirani Katika Nyumba Yako

Jirani yako anataka kusafiri. Anakuja kwako na mbwa wake, anakuomba umuchunge siku kumi, na anakupa feza kidogo. Utajibu nini? Wengi wetu tunasema tu, "Lete." Hatuulizi neno lingine. Mimi ninaona kwamba jibu hilo ni la haraka mno.

Katika inchi ya Uingereza watu wengi wanafanya kazi hii nyumbani mwao, nao wanalipwa. Serikali yao iliweka sheria juu yake katika mwaka 1963. Tangu tarehe 1 Oktoba 2018, sehemu ya England inafuata kanuni mpya. Mutu asipate kupokea mbwa kwa malipo pasipo karatasi ya ruhusa toka kwa wakubwa wa mahali pake. Kwanza mukaguzi anafika kutazama nyumba. Karatasi inaonyesha hesabu ya mbwa wanaoweza kupokelewa. Kila mbwa awe na chumba ambamo anaweza kutengwa na wengine. Muchungaji anapashwa kujua kama mbwa amechanjwa, na kuandika katika buku jina la mwenyewe na siku ya kufika. Mbwa wa nyumba mbili wasichanganywe kama wenyewe hawakukubali kwa maandiko. Nyumba inapewa nyota, toka 1 mpaka 5. Anayechunga vizuri sana anapata ruhusa ya miaka 3, mwingine wa mwaka 1 tu. Anayefanya kazi hii pasipo ruhusa anaweza kufungwa hata miezi 6.

Wengine watasema, "Hiyo ni njia ya kukula feza za watu." Ni kweli kwamba karatasi inalipiwa, na malipo ni muzigo kwa mutu mwenye mbwa wawili tu. Lakini fikiri vema. Mwenye mbwa yuko mbali, hawezi kuona. Mbwa hawezi kusema. Watoto wa nyumba hawajui hatari. Nani atawasemea? Ndiyo maana ninasema kanuni hii ni nzuri.

Na sisi katika Kongo tuna sababu kubwa kupita ya watu wa Uingereza. Kule mbwa hawana tena ugonjwa wa kichaa. Kwetu ugonjwa huu ungali unaua watu. Karibu wote wanaokufa nao katika dunia waliupata kwa mbwa, na wengi ni watoto. Alama zikiisha kuonekana, muganga hana tena dawa ya kumuponyesha mugonjwa. Anaweza kumupunguzia mateso tu. Lakini chanjo ikitolewa mbele ya alama, mutu anaokoka. Louis Pasteur alionyesha jambo hilo tangu mwaka 1885.

Basi tusingoje mukaguzi. Kila mutu awe mukaguzi wa mulango wake. Jirani akikuletea mbwa, umuulize maneno haya:

1. Mbwa huyu amechanjwa juu ya kichaa? Karatasi iko wapi?
2. Amekwisha kuuma mutu, ao kuumwa na mbwa mwingine?
3. Tabia yake imegeuka siku hizi?
4. Nitakupata wapi kama kuna shida?

Kama hakuna karatasi, usione haya kukataa. Umuambie jirani kwa upole: "Mupeleke kwanza kuchanjwa, kisha nitamupokea." Hilo si kukosa upendo. Jirani anayekasirika leo ni afazali kuliko mutoto anayezikwa kesho.

Na kama mbwa ameuma mutu, hata kidonda kidogo, osha mahali pale mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15. Usifunge kwa majani. Kisha uje hospitali siku ile ile. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.