Rangi Nene Hujibandua Yenyewe

Rangi ikibambuka hapa kwetu Sumbawanga, mashtaka huwa mawili tu: ama fundi ameiba rangi akaizidisha maji, ama mwenye duka ametuuzia rangi mbovu. Hukumu nayo ni moja: irudiwe, na safari hii ipakwe nene. Mashtaka hayo nayapinga, na hukumu naipinga zaidi. Mafundi wezi wapo, sikatai, na rangi hafifu madukani zipo. Lakini kuta nyingi nilizoziona zikijivua ngozi katika Ufipa zilikuwa zimepakwa rangi nyingi mno, wala si kidogo mno.

Tunadhani kwamba rangi ikishakauka imetulia. Haijatulia hata kidogo. Rangi ya mafuta inapokauka, kiyeyushio chake huruka hewani, kisha mafuta yake huungana na oksijeni na kugeuka ngozi ngumu. Katika kazi hiyo yote rangi hutaka kusinyaa. Ingelikuwa haikushikwa na kitu, ingelijikunyata pande zote. Lakini ukuta umeishika. Yaweza kupungua unene, upana haiwezi. Ingali laini hujilegeza kidogo kidogo. Ikishaganda hainayo nafasi hiyo tena, na ule mvuto hubaki ndani yake kama kamba iliyokazwa ikafungwa ncha mbili. Rangi inavuta, ukuta unashika, usiku na mchana, miaka na miaka.

Sasa ongeza unene. Kila mkono wa rangi huja na mvuto wake, ilhali mshiko wa mkono wa chini kabisa haukuongezeka hata chembe. Mzigo wote humwangukia yule aliye dhaifu: chokaa ya zamani, vumbi lisilofutwa, au rangi kuukuu iliyokwisha kuwa unga. Huanzia penye ufa au ukingo, kisha huendelea. Msomaji asiniamini mimi. Aokote gamba moja chini ya ukuta. Aghalabu atalikuta limejikunja kama jani kavu, kingo zikielekea upande uliokuwa nje. Hapana aliyelikunja, limejikunja lenyewe lilipopata uhuru. Kisha aligeuze mgongo. Akikuta chokaa imegandamana nayo, basi rangi haikushindwa kushika. Ilishika barabara, ikaing'oa chokaa.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1909 mhandisi George Gerald Stoney alichapisha uchunguzi wake juu ya nikeli inayopakwa kwa umeme, ambayo ikizidi unene hujibambua. Aliipaka upande mmoja wa rula nyembamba za chuma, na rula zikapinda kuelekea upande uliopakwa. Kwa kupima jinsi zilivyopinda akapata kiasi cha mvuto. Yaani zaidi ya miaka mia moja imepita tangu ijulikane kwamba mpako waweza kujing'oa kwa nguvu zake wenyewe, na kamati zetu bado zinamtafuta mwizi.

Hali ya hewa yetu nayo inachochea. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai usiku ni baridi ya kutetemesha, na mchana jua ni kali. Rangi hutanuka na kunywea kuliko bati lililo chini yake. Kwa hiyo kila usiku ukiingia, mvuto huongezeka juu ya ule wa awali, na baridi yenyewe huifanya rangi kuukuu iwe kavu kama kigae. Mvua za Novemba zinapofika hukuta milango iko wazi.

Lipu ni vivyo hivyo. Mtu ana nyumba ya matofali laini, anaamuru saruji nyingi ili lipu "iwe imara". Lipu kali husinyaa kuliko lipu ya kiasi, na ikiwa na nguvu kuliko tofali huondoka na uso wa tofali. Akina mama wanaokandika kuta za udongo hawahitaji kuambiwa haya: wanachanganya mchanga, majani makavu au samadi, maana udongo mtupu hupasuka. Na Wafipa waliosimamisha malungu, zile tanuri ndefu za kuyeyushia chuma, walifanya kazi na udongo huo huo unaosinyaa, na baadhi ya tanuri zao zimesimama hadi leo. Sijui kwa nini elimu hiyo tunaiacha mlangoni tunapoingia na kopo la rangi.

Nilishuhudia kamati moja, jina nalihifadhi, ikimnyima fundi nusu ya ujira. Alikuwa ameomba siku tatu za kukwangua chokaa ya madarasa. Akakataliwa, kwani mgeni rasmi alikuwa anakuja Jumamosi. Akaamriwa apake juu ya chokaa, mkono juu ya mkono kabla wa kwanza haujakauka, na siku ya mwisho akaongezewa kopo ili "ing'ae". Kabla ya mwaka kwisha ikawa inaning'inia kama matambara. Fedha zile zilikuwa michango ya wazazi, mahindi yaliyouzwa debe kwa debe.

Watasema kukwangua ni gharama. Ni kweli, na tena kuna hatari yake: rangi nyingi za mafuta za zamani zina risasi, kwa hiyo ukuta ulowanishwe kwanza, watoto wakae mbali, na magamba yakusanywe yote. Basi gharama hiyo iandikwe katika makisio tangu mwanzo, siku za kukwangua zikihesabiwa kama siku za kazi. Na yeyote anayeamuru mkono wa ziada kinyume cha ushauri wa fundi, atie sahihi yake katika daftari la kazi, ili rangi ikianguka tujue ujira wa nani unakatwa.